Jicho la Fundi Kwenye Benchi

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya kibanda cha fundi cherehani liligeuka zahanati isiyo na daktari. Fundi alikaa katikati na kikombe chake cha kahawa, jicho la kushoto jekundu. Siku ya nne sasa aliona vijidoa vyeusi vikielea ndani ya ukungu. Mwaka uliopita dada yake alimpa figo, na tangu hapo alikuwa akimeza vidonge vya kushusha kinga ya mwili, ili figo hiyo isije ikakataliwa. Hospitali walimwonya: jicho likibadilika, njoo siku hiyo hiyo; vijidudu visivyomtisha mwingine vitakupofusha wewe. Lakini woga ulimshika, akaona heri asikie la marafiki kwanza.

— Vumbi la kitambaa hilo, alisema Profesa, fundi viatu aliyepata jina kwa sababu ya miwani tu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Jishonee moja.

— Vumbi gani siku nne? alidakia Kamanda, mlinzi mstaafu. Ni figo ya dada mtu. Imemkumbuka mwenyewe, inalia. Machozi yatokee wapi?

— Ndiyo maana la kushoto! alisema Profesa. Figo iko upande gani?

— Kulia, alisema Fundi.

— Basi imevuka barabara, alisema Kamanda.

— Jamani, mimi naogopa, alisema Fundi. Nikienda wakaniambia jicho ndiyo basi?

— Haraka ya nini? alisema Profesa. Subira yavuta heri. Tukupime hapa hapa. Tunga sindano!

Fundi akalowesha ncha ya uzi kwa mate, akatunga mara moja. Benchi likalipuka kwa makofi.

— Mzima huyu!

Fundi alicheka nao, ila moyoni alijua: kwa miaka thelathini vidole vyake vilitunga vyenyewe, hata umeme ukikatika.

Mwalimu mmoja, aliyefika kuchukua sketi yake, alikuwa amesimama akiwasikiliza.

— Fundi, ziba hilo la kulia. Haya, nimenyoosha vidole vingapi?

Kamanda akafungua mdomo amnong'oneze. Mwalimu akamkata jicho.

Fundi alitazama, akatazama tena.

— Mwalimu, alisema polepole, mkono wenyewe uko upande gani?

Profesa akamshika Fundi mkono, akamwinua. Kamanda alikwisha kufika barabarani, akipungia pikipiki na kufoka kwa sauti ya gwaride:

— Hospitali, upesi! Siku nne mmemkalisha mtu hapa, hamna hata haya!