Ukurasa wa Thelathini na Moja

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali. Anayekaa upande wa kushoto humwomba wa kulia asiinuke bila taarifa, la sivyo atajikuta chini yeye na kikombe chake. Kahawa ni ya Mzee Birika. Wanywaji wa kudumu ni Dobi, anayefua nguo za nusu ya mtaa. Kona, dereva wa pikipiki aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kupita njia iliyonyooka, hata katika maneno. Na Katibu, mstaafu aliyetunza stoo ya ofisi miaka thelathini na bado anazungumza kama anayetaka usaini mahali. Mimi wananiita Wakili. Sisomi sheria, nilishinda mjadala wa chuo nikafanya kosa la kuwasimulia. Jumamosi ile tulikuwa hatuna mada mpaka alipokuja binti wa Mzee Birika, ovaroli begani na daftari la jalada la bluu mkononi, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Yuko mwezi wa tatu wa mafunzo kwa vitendo kwenye kituo cha gesi nje ya mji, kile ambacho bomba lake limepita nyuma ya nyumba zetu. Sisi tumemwita Injinia tangu siku ya kwanza.

Mzee Birika: Umeshaandika?

Injinia: Bado, baba.

Mzee Birika: Msimamizi anasaini Jumatatu. Wenzako kumi wote wameandika.

Kona: Kuandika nini? Barua ya posa?

Injinia: Ukurasa wa thelathini na moja.

Akatufunulia. Kurasa za nyuma zilijaa mwandiko wake mdogo uliosimama wima: kusoma mita, kunakili vibali vya kazi, kupanga kofia za wageni. Ule ulikuwa mweupe. Juu pamechapwa, *Kupima uvujaji kwenye viungio na kufunga vali ya dharura*. Chini yake, *Nilichofanya kwa mikono yangu*. Chini kabisa, nafasi ya sahihi.

Injinia: Sikufanya. Siku ya zoezi walitusimamisha nyuma ya utepe, hatua ishirini. Tuliona migongo ya mafundi. Msimamizi akasema, mmeona, basi andikeni mmefanya.

Dobi: Mimi nilijua zamani. Nilinyamaza tu.

Kona: Wewe na kunyamaza mlikutana wapi?

Dobi: Ovaroli ni shahidi. Ya fundi magari hunitoa kucha. Yako wewe, mwanangu, miezi mitatu naisuuza tu. Doa nimekuta moja, mkono wa kushoto, nalo la chai.

Injinia: Chai ya kikao, baba mdogo. Niliibeba mimi.

Hapo nikashindwa kunywa.

Mimi: Mtu asome miaka mitatu, aende kituoni na viatu vya chuma, apewe sinia. Halafu wampige picha amevaa kofia ngumu waiweke kwenye kalenda, waandike chini tunawajengea vijana uwezo. Uwezo wa kutembea na vikombe kumi bila kumwaga.

Katibu: Polepole, Wakili. Tusikilize sababu yao kwanza. Kwa nini hawawashikishi?

Injinia: Walisema bima haituhusu. Tukiumia, hakuna wa kujibu.

Maelezo yalikuwa mafupi mno kwa benchi kama letu. Hakuna aliyeyataka.

Dobi: Bima ni kisingizio. Pale pana uchoyo wa ujuzi. Bandu bandu huisha gogo. Fundi akikubandulia ujuzi wake leo kidogo, kesho kidogo, mwisho anabaki na mpini.

Katibu: Methali hiyo si ya hapo.

Dobi: Gogo ni gogo.

Katibu: Sikiliza mtu aliyeshika funguo miaka thelathini. Tatizo ni makaratasi. Mwanafunzi hayumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufungua. Sasa akifungua, kwa karatasi haijafunguliwa. Na gesi iliyopita kwenye vali ambayo haijafunguliwa ni mali ya nani? Mali bila daftari huisha bila habari. Wanalikimbia swali hilo.

Kona: Nyote mmepotea. Gesi haipo.

Dobi: Haipo vipi?

Kona: Mimi napeleka abiria pale kila wiki. Umewahi kuiona? Bomba lile lina upepo. Mwanafunzi akikaribia na kifaa chake cha kupimia atagundua, atakuja kutuambia hapa. Usione vyaelea, ndugu zangu.

Katibu: Vyaelea nini? Bomba limezikwa.

Kona: Ndiyo maana hukuona.

Injinia: Mjomba, hakuna kifaa cha siri. Ni maji ya sabuni. Unapaka kwenye kiungio, pakivuja panatoa povu. Pasipotoa, pazima.

Kona: Hivyo ndivyo walivyowafundisha kujibu.

Dobi: Ngoja kwanza. Sabuni ipi?

Injinia: Ya kawaida.

Dobi: Unapaka, unatazama povu?

Injinia: Ndiyo.

Dobi: Mwaka wa kumi na tisa huu nafanya kazi ya gesi, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniita Injinia.

Tulicheka mpaka ubao ukalalamika. Injinia naye alicheka, akifuta jicho kwa mkono wa ovaroli ule wenye doa. Mzee Birika hakucheka. Alikuwa anasuuza kikombe kilichokwisha kusuuzwa.

Mzee Birika: Vicheko havisaini. Wanabakiza kazini wanne kati ya kumi na mmoja. Daftari lenye ukurasa mweupe litawekwa pembeni, halifunguliwi tena. Siku sitini na mbili nimemsindikiza huyu kituo cha basi jua halijatoka. Siku sitini na mbili, halafu mstari mmoja.

Injinia: Mstari mmoja wa uongo, baba.

Mzee Birika: Mstari mmoja ambao mkubwa wako mwenyewe amekutuma uandike. Mtoto hutumwa nyumbani tu, kazini hatumwi?

Injinia akanigeukia mimi.

Injinia: Dada Wakili. Ungekuwa wewe?

Ningeweza kusema sijui. Lakini mtu aliyezoea kupewa dakika tano na kengele hana neno hilo. Nikasimama, Katibu akashika ubao.

Mimi: Walioanza uongo ni wao. Kampuni inajua, chuo kinajua, msimamizi anajua na ndiye atakayetia sahihi. Ukiacha wazi peke yako, unaadhibiwa kwa kosa lao. Na nafasi yako ataichukua nani? Mwenzako aliyesimama nyuma ya utepe uleule, hatua zilezile ishirini. Uongo utabaki pale pale. Utakayekosekana ni wewe. Andika, uingie, ujifunze ukiwa ndani. Aliye nje ya mlango hawezi kurekebisha chumba.

Kona alipiga goti lake. Katibu alisema hoja imepita. Mzee Birika alinimiminia kikombe ambacho sikuagiza. Nilikaa na joto lile la kifuani ninalolijua, la mtu aliyemaliza kabla ya kengele.

Injinia akafungua kalamu. Akaandika tarehe.

Ndipo alipotokea mama mmoja ambaye hatukuwa tunamjua, futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni na ufunguo mpya umefungwa kwenye pembe ya kanga.

Mama: Shikamooni wazee. Hamjambo wanangu.

Tukaitikia. Kona akasogea, Dobi akakaa vizuri ili ubao usimwaibishe mgeni.

Mama: Sitakaa, nashukuru. Nimehamia juzi, nyumba ile ya mwisho yenye mlango wa kijani. Sasa, nyuma ya dirisha wanapolala watoto pana nguzo ya njano. Imeandikwa, ukisikia harufu ya gesi piga namba hii. Nilitaka kuuliza tu majirani. Nikipiga, anakuja nani?

Kona: Wanakuja.

Mama: Kina nani?

Kona: Kampuni.

Mama: Kampuni ni watu wengi, baba. Mimi nauliza yule anayekuja mlangoni. Anayeshika.

Katibu alifungua mdomo, akatazama ndani ya kikombe chake kama aliyeangushia fomu humo. Dobi akaanza kukung'uta goti lisilo na vumbi. Wakageuka kunitazama mimi, mwenye hoja, na mimi nikatafuta. Nilikuwa nimetaja kampuni, chuo, msimamizi na wenzake Injinia. Nilipanga kila mtu mahali pake. Dirisha sikuliweka popote.

Yule mama aliacha kututazama sisi. Akaitazama ovaroli. Jina la kituo limeshonwa kifuani kwa uzi mwekundu, na mshonaji husoma ushonaji kabla ya kitu kingine.

Mama: Kumbe wewe ni wa huko, mwanangu.

Injinia: Ndiyo, mama.

Mama: Ndiye wewe, basi?

Pikipiki ya mtu ilipita ikatokomea, na Injinia bado ameshika kalamu juu ya ile tarehe.

Injinia: Bado, mama.

Mama: Bado?

Injinia: Hawajanifundisha.

Yule mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza bei akajibiwa kitambaa hakijafika. Alishukuru. Alisema atauliza kwingine, akaenda zake, na tulimwona akisimama kwa muuza mkaa, akionyesha kwa mkono upande wa nyumba yake.

Injinia aliandika. Haikuchukua muda. Kisha akaligeuza daftari upande wangu, maana nilikuwa karibu, au maana nilistahili. *Nilitazama kwa hatua ishirini. Sikushika. Naomba nifundishwe kabla ya kusainiwa.*

Mimi: Watakuweka pembeni.

Injinia: Huenda. Ungeipinga vipi hii, dada?

Nilijua njia tatu za kuipinga. Nilizitafuna na kahawa.

Dobi alinyoosha mkono akachukua ovaroli begani kwa Injinia.

Dobi: Lete nikaisuuze. Jumatatu uende nayo safi, waione ilivyo safi.

Mzee Birika alisoma ukurasa kichwa chini, kutoka upande wake wa jiko, midomo ikicheza. Alisoma tena. Nilidhani atasema kitu kuhusu zile siku sitini na mbili. Alikusanya vikombe vyetu kimoja kimoja, hata cha Katibu ambacho hakikuwa kimekwisha.

Mzee Birika: Kahawa imekwisha.

Akaliweka birika chini. Lilitua kwa kishindo kizito cha kitu kilichojaa, na hakuna aliyebisha.