Sindano za Kambini

Pale Mushasha, mjini Gitega, kwenye benchi la kahawa la Kassimu, uongo unaruhusiwa mradi unoge. Elikana walimwita Meno, kwa kuwa anaosha vyombo vya daktari wa meno. Mchana ule alikuja kidole gumba kimefungwa kitambaa. Asubuhi, akiwa kazini, sindano iliyotoka kwenye ufizi wa mgonjwa ilimchoma. Layla, muuguzi wa pale, akamwambia apimwe damu na achanjwe homa ya ini siku hiyohiyo. Meno akatoroka kwa mlango wa nyuma. Nyumbani mkewe, Letisia, ana mimba ya miezi minane.

— We Meno, kidole iko na nini? — Kassimu aliuliza, birika mkononi.

— Sindano ya kazini. Si kitu. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Kule tulipangwa mstari tukadungwa mpaka mabega yakavimba. Chanjo zote ninazo.

— Ni kweli, — akadakia Zuberi, fundi cherehani waliyemwita Dokta kwa sababu aliwahi kulazwa wiki mbili. — Sindano za kambi haziishaka nguvu. Kule Buhinyuza, nyoka iliuma mtu mwenye alitoka kambi. Nyoka ndiyo ilikufa!

— Vraiment? Kweli? — Kassimu aliuliza.

— Mi niliizika! Na mbu ikimuma huyu Meno, inaenda yenyewe hospitali.

Elikana alicheka nao, huku akikificha kidole chini ya benchi. Aliogopa. Aliogopa kwamba ugonjwa umeshaingia, na kwamba atawapelekea Letisia na mtoto.

Layla alikuwa amefika nyuma yao, koti jeupe bado mwilini, amesikia yote. Hakugomba.

— Kaka Elikana, chanjo ya kambini ilikuwa ya ugonjwa gani?

Elikana akakaza kitambaa cha kidole.

— Sijui, — alisema. — Mama ndiye aliyejua. Kadi alikuwa nayo yeye. Alikuwa ananiziba macho kwa kanga, nisione sindano. Tulimzika kulekule.

Kumbe mtu mzima na ndevu zake bado anamtaka mama yake.

— Basi tunaanza upya, — Layla alisema polepole. — Hata mi nilidungwa mara tatu. Yako ingine mwezi kesho, ya mwisho baada ya miezi sita. Na Letisia tutamupima. Lakini ya kwanza ni leo.

Elikana hakuinuka. Aliyeinuka ni Zuberi, akavua kofia yake ya kufuma.

— Alors, haya, twende. Mi ntakuziba macho na hii.

Wakaondoka watatu, Elikana katikati. Kassimu akafunika birika, nalo lilikuwa bado limejaa nusu.

— Kahawa imeisha, — akawaambia waliobaki. — Mpaka Meno arudi.