Mtoto wa Watu Mgongoni

MAMA: Haloo? Ni nani?

BINTI: Ni mimi.

MAMA: Mimi nani?

BINTI: Mimi, Mama. Uko wapi?

MAMA: Samahani, dada. Katika mji huu mimi sijuani na mtu.

BINTI: Mama, usianze. Simu yako itaisha chaji, umeshinda unapiga picha madaraja na—

MAMA: Kama unamtafuta mama yako, mtafute pale ulipomwacha.

[Mtandao unakwaruza.]

BINTI: Umemaliza?

MAMA: Sijaanza.

BINTI: Haya, anza ukishatoka. Kwanza niambie, bado uko mle dukani?

MAMA: Niko juu, chumba cha walinzi. Wamenipandisha na lifti. Kuna meza, na televisheni ndogondogo ukutani zinaonyesha watu wananunua viatu. Mama mmoja mfagiaji ameniletea kiti chenye mto, kisha akavua sweta lake akanifunika miguu. Hatukuelewana hata neno moja. Lakini aliniona nina baridi.

BINTI: Wamekufanya nini?

MAMA: Wamenifanyia adabu. Kuliko wengine.

BINTI: Wamesemaje? Wameita polisi?

MAMA: Unauliza kama nani?

BINTI: Mama, nakuomba.

MAMA: Wana simu inayotafsiri. Mlinzi anaisemesha kwa lugha yao, inanigeukia na Kiswahili, sauti kama ya mwanamke aliyebanwa pua. Inaniita "ewe mwanamke". Ikaniuliza, mtoto huyu ni mali ya nani. Nikaijibu mtoto si mali. Ikakwama hapo, wakaizima wakaiwasha tena.

BINTI: Hili si jambo la kucheka.

MAMA: Umenisikia nacheka?

BINTI: Nilikwambia siku ile ile uliposhuka kwenye ndege. Huku mtoto wa mtu haguswi. Hapakatwi, hafutwi kamasi, hata ukimchekea sana wanakutazama vibaya. Nilikwambia, sikukwambia?

MAMA: Uliniambia.

BINTI: Sasa?

MAMA: Sasa alikuwa analia. Amesimama pale juu ya ngazi zinazotembea, mguu mmoja hauna kiatu, watu wanampita kama nguzo. Nikakutafuta kwa macho, wewe uko kwenye makoti. Nikamwuliza, baba, mama yuko wapi? Akaninyooshea mikono. Mtoto akikunyooshea mikono wewe unafanyaje? Unamwambia subiri niulize sheria?

BINTI: Unamwita mhudumu.

MAMA: Mimi nikambeba.

BINTI: Ukamfunga mgongoni. Kwa mtandio wako. Ukatoka naye—

MAMA: Sikutoka.

BINTI: —ukaenda naye mlangoni.

MAMA: Mlangoni ndiyo. Mtu akipotelewa na mtoto kwenye duka kubwa anakimbilia mlangoni, ili mtoto asije akatoka barabarani. Nilijua nitamkuta mama yake pale. Na si nilimkuta?

BINTI: Ulimkuta na walinzi.

MAMA: Nilimkuta.

BINTI: Tena mtoto kalala.

MAMA: Alichoka kulia. Akaegemea, akalala. Ungetaka nimfinye?

BINTI: Hicho ndicho kilichomtia mama yake wazimu. Anaona mwanamke asiyemjua anaelekea nje, mgongoni ana mtoto wake, kichwa kimeanguka pembeni. Unajua alikuwa anapiga kelele anasema nini? Anasema umempa dawa.

MAMA: Dawa gani?

BINTI: Dawa ya kulevya. Ya kumlaza.

MAMA: Ile simu yao haikunitafsiria hilo. Kijana mmoja mlinzi mwembamba alisikia, kumbe. Nilimwuliza kwa mikono, mama wa mtoto anasema nini? Akatikisa mkono, si kitu, si kitu. Akanipa maji. Kumbe alinificha.

BINTI: Sasa unaelewa.

MAMA: Naelewa mlinzi. Wewe uliyesikia kila neno ulikuwa wapi?

BINTI: Nilikuwepo.

MAMA: Najua ulikuwepo, nilikuona. Mlinzi alinielekeza kidole, akakugeukia wewe, akakuuliza. Ukatikisa kichwa. Ukarudi nyuma kwenye makoti.

BINTI: Hukuelewa nilichosema.

MAMA: Nitafsirie.

BINTI: Mama—

MAMA: Kwani si ndiyo kazi uliyojipa tangu asubuhi? Kwenye treni ya chini ya ardhi nimemsalimia mzee wa watu, ukaniambia huku hawasalimiani. Amenipisha kiti, ukaniambia nisimshukuru mara mbili. Kwenye daraja nimesimama kutazama maji, ukaniambia nazuia njia. Mji wote umenitafsiria. Nitafsirie na hilo.

[Mtandao unakwaruza. Mashine inanguruma kwa mbali.]

BINTI: Nilisema simjui.

MAMA: Haya. Asante.

BINTI: Usiseme asante hivyo. Mimi kazi yangu huku ni nini? Nalea watoto wa watu. Kibali changu cha kukaa huku kimefungwa kwenye kazi hiyo hiyo. Jina langu likiandikwa mahali pamoja na mtoto aliyechukuliwa dukani, wakala wangu hatauliza alichukuliwa na nani. Ananifuta. Nikifutwa nakuja kukaa kwako, tutazamane. Mtakula nini?

MAMA: Usinitupie chakula usoni.

BINTI: Nasema ukweli.

MAMA: Sema wote basi. Huko kazini wanajua una nini?

BINTI: Umeshaanza.

MAMA: Wanajua una nini?

BINTI: Wanajua niko peke yangu. Wanataka yaya asiye na mtoto, asiye na wa kumkimbilia akiugua. Nilikwambia haya kabla sijaondoka. Ulikubali.

MAMA: Nilikubali ufiche mtoto. Sikujua kuna orodha. Mtoto huna, na tangu leo mchana mama huna. Utakuwa mwepesi sana, dada, upepo wa huku utakubeba.

BINTI: Usiniite dada.

MAMA: Nikuite nani?

BINTI: Na wewe usijifanye malaika. Nani amemfundisha mwanangu kukuita mama?

MAMA: Hakufundishwa. Ameangalia aliyepo.

BINTI: Nilipiga simu akapokea yeye. Akakuita, mama, mama, kuna shangazi kwenye simu. Na wewe ukacheka. Nilikusikia.

MAMA: Nilicheka. Ulitaka nimchape?

BINTI: Nilitaka umwambie.

MAMA: Namwambia kila siku. Namwonyesha picha yako. Anaibusu kwa sababu anajua nikifurahi nampa sukari. Unataka nikudanganye? Anakujua kama anavyowajua watu wa kwenye televisheni.

[Kimya kirefu.]

MAMA: Haloo?

BINTI: Nipo.

MAMA: Nilidhani umekata.

BINTI: Sijakata. Sikiliza. Waambie wewe ni mgeni, umefikia hoteli, umepotea njia. Waombe wakuitie teksi. Dereva nitampokea mtaa wa pili nimlipe, hakuna atakayeniona.

MAMA: Hawataki teksi. Kamera zao zimeonyesha nilimkuta mtoto analia, na mama yake wameshamtuliza, ameondoka. Wanachotaka ni mtu mmoja anayenijua. Aje aseme mimi ni nani, na kwa nini nilimbeba vile. Wakifunga duka hajaja, wananikabidhi kwa polisi.

BINTI: Na ulipoulizwa umekuja na nani, ukasema nini?

MAMA: Nilisema nimekuja peke yangu.

BINTI: Ulisema nini?

MAMA: Peke yangu. Treni peke yangu, daraja peke yangu, bustani ya bata peke yangu. Hawakuamini, wakaomba kuona picha kwenye simu yangu. Wakapekua zote. Mimi na daraja, mimi na bata, mimi na sanamu ya farasi. Wewe leo hukutaka kupigwa picha na mimi hata moja. Asubuhi iliniuma. Mchana ikafaa.

BINTI: Mama, kwa nini ulisema hivyo?

MAMA: Ulishasema hunijui. Nikuumbue mbele za watu?

[Mtandao unakwaruza.]

BINTI: Polisi wa huku hawapigi mtu. Watakuhoji tu, kesho watakuachia.

MAMA: Nashukuru kwa habari njema.

BINTI: Mimi sasa hivi niko mbali, nimesharudi nyumbani. Mpaka nipate treni—

MAMA: Muongo.

BINTI: Niko nyumbani.

MAMA: Hiyo mashine inayotoboa lami naisikia kwa masikio yote mawili. Moja kwenye simu, jingine dirishani.

[Mashine inatoboa, inasita, inatoboa tena.]

MAMA: Uko upande gani?

BINTI: Ng'ambo ya barabara. Mbele ya benki.

MAMA: Muda wote huu?

BINTI: Nimeshindwa kuvuka.

MAMA: Magari mengi?

BINTI: Hapana.

MAMA: Nenda nyumbani.

BINTI: Ndiyo nini hiyo?

MAMA: Nimesema nenda. Una kazi asubuhi. Mimi mzee, polisi watanifanya nini? Watanipa kiti kama hawa, watanirudisha kwetu mapema, nami mjukuu wangu ananingoja. Nenda kalee mtoto wa bosi wako.

BINTI: Unanichoma makusudi.

MAMA: Ndiyo. Makusudi. Na bado namaanisha, nenda.

BINTI: Unataka nije au hutaki?

MAMA: Sitaki kukuomba. Nimekuzaa, nimekulea, mwanao nimemfunga mgongo huu huu tangu hajaota jino. Nikikuomba na hilo la kunijua nitakuwa nimebakiza nini tena? Siombi.

BINTI: Siku zote hivyo. Huombi, unanyamaza, halafu mtu anajiona mchawi.

MAMA: Mimi nimenyamaza leo?

BINTI: Leo hapana.

MAMA: Basi usinisingizie. Simu inalia kwa njaa. Imeonyesha betri nyekundu.

BINTI: Ipunguze mwanga.

MAMA: Sijui pa kupunguzia. Ngoja. Amekuja mlinzi mmoja mrefu, mkubwa wao. Anainyooshea kidole simu yangu. Anaiongelesha ile yao. Inasema, "Ewe mwanamke, ni nani katika sikio lako?"

[Kimya.]

MAMA: Amesimama ananingoja. Ni mpole, lakini hataondoka. Nimwambie ni nani?

[Mashine inatoboa lami.]

MAMA: Nauliza wewe. Mimi nilishajibu langu, siwezi kuligeuza. Nikikata sasa hivi nitamwambia ni matangazo ya kampuni ya simu, na wewe utaondoka na kazi yako salama. Sitakusema. Siku zote sitakusema. Unanisikia?

BINTI: Mpe simu.

MAMA: Fikiri kwanza.

BINTI: Nimefikiri mbele ya benki mpaka mlinzi wao ananitilia shaka. Mpe simu kabla haijazima.

MAMA: Sijakusamehe, ujue.

BINTI: Najua. Mpe.

MAMA: Nampa. Ongea naye vizuri, ana miguu ya kuuma, anatembea kwa shida. Chukua, baba, chukua. Huyo hapo.

[Mkwaruzo. Simu inabadili mikono. Binti anaongea kwa lugha ya mji ule.]

BINTI: Haloo. Habari za jioni... Ndiyo, naongea lugha yenu... Mimi ndiye yule wa kwenye makoti. Mwenzako aliniuliza, nikasema simjui... Hapana, hakusikia vibaya. Nilisema hivyo, na nilisema uongo. Huyo ni mama yangu mzazi. Nimemleta mimi, nilikuwa namtembeza mji... Hapana, hajui lugha... Kazi yangu? Nalea watoto. Ndiyo, kwa wakala... Naelewa. Naelewa mtawapigia... Niko hapo chini, naanza kuvuka. Kitambulisho ninacho mkononi... Samahani, sikusikia, kuna magari. Kwa nini nini? ... Kwa nini mgongoni?

[Honi.]

BINTI: Kwa sababu ndivyo anavyombeba mwanangu... Ndiyo. Ninaye. Wa kiume... Najua kwa wakala wamesajili sina. Wewe andika ninaye. Andika na huyo mama ni bibi yake. Nimefika mlangoni, fungueni— haloo? Haloo?

[Simu imekatika.]