Maundu Ndolo, Mzamiaji Aliyewahi Ntheo ya Binti Yake

Marehemu Maundu Ndolo alizaliwa Masii tarehe 14 Aprili 1975, kitinda mimba wa mzee Ndolo na mama Mbinya. Mimi dada yake, Wavinya, ndimi niliyembeba mgongoni. Maji aliyoyajua utotoni ni yale ya kuchimbua kwenye mchanga wa mto.

Alisoma hapa Masii hadi kidato cha nne mwaka 1993, kisha akaenda Mombasa, akajifunza kuzamia na kutengeneza mabomba baharini. Mtu ambaye hata kuogelea hakujua! Mwaka 2000 alimwoa Kalunde, wakajaliwa Munyiva na Makau.

Kila alipotaka kuja nyumbani alipumzika kwanza Mombasa siku nzima. Alisema mzamiaji hutoka majini na hewa iliyojificha kwenye damu, na akipanda nchi ya juu kama huku kwetu mapema, hewa hiyo hufura kama soda iliyofunguliwa. Tulimcheka, tukasema anatafuta sababu ya kulala.

Ijumaa tarehe 8 Agosti 2025 alizamia mara mbili, akaja siku hiyo hiyo. Kesho yake akina Kimeu, mchumba wa Munyiva, walikuwa wanaleta mbuzi wa ntheo, yaani wa kumposa kimila, na mwenye kupokea ni baba. Aliwapokea akitabasamu, na mabega tayari yanamuuma.

Jioni ngozi ilimwasha. Mama alimkanda kwa maji moto, zahanati ikampa dawa ya maumivu. Miguu ilipokufa ganzi alisema, “Niwekeeni oksijeni, mnishushe Mombasa kwenye chemba.” Hicho ni chumba cha chuma kinachombana mgonjwa kama alivyobanwa na maji, ili hewa itoke polepole. Tulimkimbiza Machakos, daktari wa huko akamkubalia, akampa oksijeni. Ndege ya kawaida ingempandisha juu zaidi. Ikabaki barabara.

Kwenye ambulansi nilimshika mkono, sina lingine la kufanya. Kila mteremko nilimshukuru Mungu.

“Dada, tumefika wapi?”

“Tumepita Mtito.”

“Bado tuko juu sana.”

Kifua kilimbana, akafariki Jumapili asubuhi kabla hatujafika Voi.

Ameacha mama yetu Mbinya, mjane wake Kalunde, watoto Munyiva na Makau, mimi dada yake, na Kimeu, mkwe aliyemwona siku moja tu. Mbuzi waliobaki wako zizini. Munyiva hataki waguswe.

Maundu, tunakulaza huku juu ulikokuja mbio. Sasa hakuna anayekungoja. Pumzika kwa amani, ndugu yangu, pumzika polepole.