Ndege Mwekundu Hahami

Sogeeni karibu na kitanda, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na wewe dereva zima hiyo simu, abiria wako watasubiri. Nina maneno machache ya mali na neno moja la aibu, nami nitaanza na ya mali kwa kuwa ndiyo mepesi.

Nyumba hii ni yenu watatu, wala asije mmoja akaiuza huku wawili wamelala. Vifaa vyangu vya bomba achukue mwanangu fundi, ndiye anayejua kazi yake. Cherehani ya marehemu mama yenu mpelekeeni shangazi yenu, aliyeiomba siku ileile ya mazishi, nami nikamnunia miaka sita kwa ajili hiyo. Mwambieni kinyongo kimekwisha, na aitie mafuta kabla ya kuikanyaga.

Mnajua nilifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mabwawa ya majitaka ya mji huu, nikifungua na kufunga milango ya maji, nikiondoa takataka kwenye chujio kwa reki, na mlipoulizwa shuleni baba yenu anafanya kazi wapi mlikuwa mnasema serikalini. Sikuwalaumu, maana nguo zangu zilikuwa zikifika nyumbani kabla yangu. Lakini ndege hawana haya. Pale watu walipoziba pua, wao walijaa, korongo, bata wa porini, vijumbamshale, na kwenye matete ya bwawa la tatu yule mdogo mwekundu kama pilipili iliyoiva, anayejivimbisha mbele ya majike mpaka unamwonea huruma.

Watoto wa mtaa walikuja kwenye uzio na manati. Nikawaambia, atakayenikabidhi manati yake nitamtazamisha kwa darubini aliyoniachia mkaguzi wa maji alipostaafu. Mwezi haukuisha, nilikuwa na manati kumi na saba kwenye kabati la ofisi, na kila Jumamosi asubuhi kundi la watoto getini, wamejishonea madaftari kwa karatasi za kalenda za zamani. Niliwafundisha kusimama kimya, kutazama kwanza na kuandika baadaye, kutogusa kiota hata kikiwa kitupu. Samaki mkunje angali mbichi. Na nikawafundisha kwamba mvua zikiisha ndege mwekundu huhama kwenda mbali, na yule wa kahawia huja kushika matete yake. Hakuna aliyenifundisha hilo. Niliona wekundu wametoweka na wa kahawia wamejaa, nikajiuliza na kujijibu mwenyewe, nikaandika kwenye daftari kubwa kwa wino.

Wewe mama, binti yangu muuguzi, wakati huo ulikuwa na miaka tisa. Kaka zako wanajua uliacha kwenda bwawani, ila hawajui kwa nini, walidhani ni harufu. Sikilizeni nyie. Siku ile dada yenu alikaa juu ya bomba la saruji muda mrefu kuliko wenzake wote, kisha akaja mbio akasema, "Baba, hajahama. Ni yuleyule, anabadili nguo. Nimemwona ana viraka."

Alisema hivyo mbele ya watoto kumi na wanne. Nami, badala ya kuchukua darubini nikaenda kutazama, nilicheka. Nikamwambia ndege si mwanafunzi, havui sare akitoka shule. Watoto wakaangua kicheko, nami nikaona raha kuwachekesha, nikalichukua daftari lake nikafuta ule mstari mpaka karatasi ikatoboka. Toka hapo wakamwita Viraka. Jina hilo lilimfuata darasani, likamfuata sokoni, likamfuata mpaka alipoondoka kwenda kusomea uuguzi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi niliusikia msemo huo tangu utotoni.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Miaka mitano baadaye akaja kwenye matete ndege mwekundu mwenye mguu mmoja. Kwa mguu ule nikamjua. Nilimtazama wiki baada ya wiki, peke yangu, na mvua zilipokatika nikamwona anapauka, wekundu unamtoka kidogo kidogo, kifuani, kisha shingoni, mpaka akawa wa kahawia kama wale wengine, na mguu wake ni uleule mmoja. Nilikaa kwenye ukingo wa bwawa mpaka zamu yangu ikaisha. Jumamosi watoto wakaniuliza mwekundu yuko wapi. Nikawaambia amehama.

Nimewaambia hivyo miaka ishirini. Mtaniuliza kwa nini, na jibu langu halina uzito. Nilikwisha kuwa mzee wa ndege, wakubwa wa manispaa walinipa cheti, kile kilichotundikwa hapo. Na kukiri mbele yao kungekuwa kukiri mbele yako, mama, nawe ulikuwa umeacha kunitazama usoni. Nikasema nitasubiri siku nzuri. Sasa la kuvunda halina ubani. Mmoja wa watoto wale leo ni mwalimu. Mwezi uliopita alikuja kuniona, akanieleza kwa furaha kwamba darasa lake lote, watoto sitini, wameimbishwa habari za ndege mwekundu anayehama. Nilifungua kinywa nimwambie. Kikohozi kikanikamata, naye akaona ananichosha, akaaga. Hao sitini watawafundisha wa kwao, na mimi siwezi hata kugeuka ubavu bila kushikwa.

Mlinzi wa mabwawa amenitumia salamu. Watoto wanane wanakuja bado kila Jumamosi, wanasimama getini mpaka jua liwe kali ndipo warudi, kwa kuwa bila mtu mzima haruhusiwi mtoto kuingia. Dereva kutwa yuko barabarani. Fundi, ndege anayemjua ni kuku, tena akiwa ameshaungwa. Mwenye jicho katika nyumba hii ni mmoja. Na wanao wawili, mama, wajukuu wangu, wanatazama ndege kwenye simu, hawajawahi kulowa umande. Sikulaumu. Nani ampeleke mwanawe mahali alipochekwa yeye?

Nilitaka kuagiza. Mzee akiwa hivi huagiza, na watoto husema ndiyo baba. Wewe siwezi kukuagiza. Nakuomba. Wapeleke wako pamoja na wale wanane, Jumamosi moja tu, uwaambie mzee alikosea, akajua kwamba amekosea, akanyamaza. Uwaambie aliyeona sawasawa ni nani.

Mnaona, anakunja shuka. Ameshaikunja mara mbili hiyo.

Nini, mama? Njoo upande huu, sikio lile limekufa.

"Ungeniambia nikiwa mtoto, baba."

Ndiyo.

Ndiyo, mwanangu.

Basi... dereva. Jumamosi, kabla hujaingia safari, pita pale getini. Waambie mzee haji tena. Usiwadanganye kwamba atapona. Waambie warudi kwao, wasisimame juani. Daftari kubwa liwekeni... popote. Msilichome. Na yule mwalimu, mtafuteni, kama mtaweza. Sijui anakaa wapi. Sikumuuliza.

Mungu awatunze. Msikilizane, msigombanie ukuta. Mkikosea, semeni siku hiyohiyo, hata mchekwe. Mama, radhi yangu unayo. Uwapeleke, usiwapeleke, unayo. Mimi yako... hapana, siiombi. Si leo.

Pumzi inakatika. Nipeni maji kidogo.

Si wewe, mama. Wewe kaa. Umesimama sana.