Shangazi Aliyetandika Mji Sakafuni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu katika Idara ya Mipango Miji, mchora ramani wetu mkuu anaweka kalamu chini. Jina lake kamili limo kwenye hati za utumishi. Sisi tunamwita Shangazi. Hata mkurugenzi, aliyemzidi umri, humwita hivyo hivyo, na akichelewa kikaoni Shangazi humuuliza kwanza kama amekula.

Alianza kwa kupaka rangi: njano kwa makazi, nyekundu kwa biashara, kijani kwa viwanja vya wazi. Alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Ukiisogelea meza yake na kikombe cha chai, umejitakia mwenyewe. Kompyuta zilipoletwa alizinunia wiki nzima, kisha akazizoea kutushinda sote, ila nakala ya mwisho ya kila ramani aliendelea kuipaka kwa mkono wake.

Kosa lake maarufu hulisimulia mwenyewe, kwa hiyo hapa hatumsengenyi. Tulikuwa tumependekeza upande wa mashariki wa barabara ya soko ugeuzwe eneo la biashara. Shangazi akaibandika ramani kwenye ukuta wa kusini wa ukumbi, kaskazini ikiwa juu, kama ilivyo ada. Wananchi walipoitazama wakiwa wameelekea kusini, mkono wa kulia wa karatasi ukawa mkono wa kushoto wa barabara iliyokuwa mbele yao. Watu wa mashariki wakaunga mkono huku wakichekelea, wakidhani zinazoguswa ni nyumba za ng'ambo. Fundi cherehani wa upande wa magharibi, ambaye hata ua wake haukuguswa, akaanza kulia.

Machozi yale ndiyo yaliyomshtua. Kikao kilikuwa kinafungwa. Akasimama, akaomba radhi mbele ya ukumbi mzima, akaibandua ramani, akaitandika sakafuni na kuizungusha mpaka ikalala kama barabara yenyewe ilivyolala. Watu wakavua viatu, kila mmoja akasimama juu ya nyumba yake. Waliokuwa wakichekelea wakaomba kusema tena, na mjadala ukaanza upya. Tangu siku hiyo idara yetu haibandiki ramani ukutani. Wageni hushangaa kuona milima ya viatu mlangoni.

Mwaka huu zamu ikamfikia yeye. Mapendekezo mapya ya maeneo ya biashara yaliugusa mtaa anaoishi na mama yake mzazi, katika nyumba yenye baraza aliyoijenga kidogo kidogo akiungoja ustaafu huu. Akatoa taarifa kuwa jambo lile linamhusu, akajitoa kwenye kazi hiyo. Siku ya kikao alikuja kama jirani. Akavua viatu, akamshika mama mkono, wakasimama juu ya nyumba yao. Akasema wazi kwamba anaogopa. Kwamba uzeeni hakutaka kitu ila utulivu wa ile baraza, na karakana zikija ubavuni mama hatapata usingizi. Sisi tuliozoea utani wake tulishindwa kumtazama usoni.

Ombi lake lilisikilizwa nusu. Karakana zimekataliwa, maduka yamepitishwa. Hatahamishwa na mtu, ila mtaa hautakuwa ule aliouzoea. Wiki iliyopita, nakala ya mwisho ilipotakiwa kupakwa, tulimsihi atuachie sisi. Akajibu kwamba sisi tunapaka rangi kama watu wanaopiga lipu, akachukua brashi. Alianza mwisho wa mtaa, akairuka nyumba yake, akamaliza zilizobaki. Kisha akairudia, akaipaka nyekundu taratibu, bila kuvuka mstari. Akaenda kuosha brashi, akakawia sana bombani.

Shangazi, ahsante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutukaripia bila kutuchukia. Tutakukosa, hilo hatulifichi. Tunakuombea siku nyepesi na usingizi mtamu, wewe na mama.

Zawadi yako ni ramani ya zamani ya mtaa wenu, ile uliyoipaka ulipokuwa msichana wa ofisi. Hatukuitia fremu, maana tunajua hutaitundika. Itandike barazani, uizungushe ilale kama mtaa ulivyolala, kisha mvue mama viatu, umsimamishe pale kwenye njano.