Taa ya Matumbawe ya Bwana Abdulhadi

Jumanne, 14 Mei 2024, asubuhi ya manyunyu. Ndani ya boti ya kurudi Faza, Bwana Abdulhadi alifunika sanduku kwa shuka lake, yeye mwenyewe akilowa.

"Mtoto huyo?" akauliza Bi Mwanaarabu, abiria asiyemjua.

"Taa ya LED, Bi. Matumbawe hai ninayoyafuga tangini kwangu yanapauka, nayaongezea mwanga."

"Kwani hayana taa?"

"Yanayo. Inawaka usiku kucha, yasione kiza."

"Masikini! Mola ameyaumbia usiku, wewe wayanyima? Hebu lala na jua usoni!"

Abiria wakacheka. Abdulhadi naye akacheka, kisha akalitazama sanduku. Kumbe mwaka mzima ameyanyima usingizi kwa mapenzi. Boti ilipogusa gati, akasimama.

"Nyote mashahidi: leo baada ya Isha, inshallah, naizima ile taa ya zamani. Na hii mpya haitoki sandukuni mpaka yapone."